Mshiko wa Magurudumu Manne

Subaru Impreza WRX ikitoka Kisii kuelekea Keroka baada ya mvua ya alasiri, dereva husahau kwamba lami imelowa. Turbo inavuta, magurudumu yote manne yanagawana nguvu, na kona za katikati ya migomba na chai zinapitwa kwa wepesi unaotia kiburi. Raha tupu! Lakini aliyeondolewa hofu amekuwa jasiri, au hatari imemtoka tu akilini?

Sifa za gari hili si porojo: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza ya mashindano, Richard Burns akafuata mwaka 2000. Tatizo ni kwamba magurudumu manne husaidia kuondoka, si kusimama. Lori likijitokeza mteremkoni, breki hutegemea tairi zilezile za kila gari. Hata breki bora zina mtego huohuo: mjini Munich, miaka ya 1980, teksi zilizofungwa breki za ABS, zinazozuia magurudumu kujifunga, hazikupunguza ajali. Madereva waliutumia usalama ule kuendesha kwa ukali zaidi.

Waadventista, ambao ni wengi Kisii na Nyamira, wanaijua hoja hii kupitia Mathayo 4: Yesu anaambiwa ajirushe kutoka hekaluni kwa kuwa malaika watamdaka, naye anakataa kumjaribu Mungu. Ahadi ya ulinzi haikuwa ruhusa ya kuruka. Kibandiko cha “Mungu Mbele” kwenye kioo kinastahili kusomwa hivyohivyo.

WRX huonyesha ubora wake hasa kwenye vijia vya udongo mwekundu Nyamira, ikipanda taratibu kwa gia ya kwanza huku gari la magurudumu mawili likisukumwa na wachuma chai.