Haki ya Mvumbuzi

Maarifa hufanana na nyumba ya mawe. Apitaye njiani huuliza jina la mwenye nyumba. Aghalabu hamwulizi aliyechimba mawe, wala aliyechoma chokaa, wala aliyebeba boriti kutoka mwituni. Katika nyumba desturi hii haina dhara kubwa, kwa maana kila fundi amekwisha kulipwa ujira wake. Katika elimu jambo ni zito zaidi. Ukweli hauna bei, na mtu aliyesaidia kuupata hana malipo yanayolingana nao isipokuwa kutajwa. Basi ukweli mpya unapodhihirika duniani, sifa yake ni haki ya nani?

Maisha ya Alfred Russel Wallace ni kipimo chema cha swali hili. Alizaliwa Usk, katika nchi ya Wales, mwaka 1823. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akajifunza kazi ya kupima ardhi. Mwaka 1848 alikwenda mto Amazon, akakaa miaka minne akikusanya ndege na wadudu. Alipokuwa akirudi kwao mwaka 1852, merikebu iliyomchukua ilishika moto katika Bahari ya Atlantiki. Makusanyo yake yakateketea mbele ya macho yake, na yeye na mabaharia wakaelea mashuani siku 10. Mtu mwingine angaliapa asipande chombo tena. Wallace alifika Singapore mwaka 1854, na kwa miaka minane akazunguka visiwa vya Malay, mwendo wa maili 14,000 hivi. Alirudi Uingereza mwaka 1862 na hesabu ya vielelezo 125,660. Kati ya hivyo mbawakawa walikuwa 83,200, vipepeo na nondo 13,100, na ndege 8,050.

Lakini mzigo wa thamani zaidi haukuwa ndani ya masanduku. Mwaka 1856 alivuka kutoka Bali kwenda Lombok, visiwa viwili vilivyotengwa na mlango mwembamba wa bahari. Upande mmoja alikuta ndege wa jamii ya Asia, kama vile vigogota. Upande wa pili alikuta kasuku weupe wenye vishungi, jamaa za ndege wa Australia. Hali ya hewa ya visiwa hivyo haikutosha kueleza tofauti hiyo. Wallace akafahamu kwamba mipaka ya viumbe ni kumbukumbu ya historia ya nchi kavu na bahari, na mpaka huo huitwa kwa jina lake hata leo. Tena mwezi wa Februari 1858, akiwa mgonjwa wa homa katika visiwa vya Moluku, aliwaza jinsi viumbe wanavyozaliwa wengi kuliko wawezao kuishi, na jinsi wenye umbile linalowafaa wanavyobaki na kurithisha umbile hilo. Aliandika wazo lake, akalipeleka kwa Charles Darwin.

Darwin alikuwa amelishughulikia wazo hilohilo kwa miaka 20 bila ya kulitangaza. Rafiki zake wawili, Lyell na Hooker, walifanya shauri. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya watu wote wawili yalisomwa pamoja katika Linnean Society, London, ya Darwin yakitangulia. Wallace alikuwa mbali na hakuulizwa.

Je, alidhulumiwa? Watetezi wa shauri lile husema kwamba Darwin alitangulia kweli, kwani alikuwa ameandika muhtasari wa fikira zake mwaka 1842 na tena mwaka 1844. Husema pia kwamba Wallace mwenyewe alipopata habari alifurahi, na mwaka 1889 akakipa kitabu chake jina la Darwin. Hoja ya kwanza ina nguvu. Hoja ya pili haina, kwa sababu radhi ya mtu si hati ya haki. Asameheye deni hathibitishi kwamba hapakuwa na deni. Barua ingalichukua miezi kadhaa kwenda na kurudi, na ukweli uliongoja miaka 20 ungaliweza kungoja miezi hiyo. Wale waungwana wawili walilinda haki ya rafiki yao, wakasahau idhini ya mgeni. Ukarimu wa Wallace ni sifa ya Wallace. Si udhuru wa wengine.

Walakini mizani hiyohiyo humgeukia Wallace mwenyewe. Katika safari zake nyingi visiwani alifuatana na kijana Mmalay aliyeitwa Ali, aliyemwajiri huko Sarawak. Ali alianza kwa kupika. Baadaye alijifunza kupiga ndege kwa bunduki na kuchuna ngozi zao, akawa fundi stadi, na alimwuguza bwana wake katika maradhi. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Bacan, Ali alirudi kutoka mwituni akiwa na furaha, na mshipini mwake alikuwa na ndege wa ajabu mwenye manyoya marefu meupe yaliyotoka mabegani. Alikuwa ndege wa peponi asiyejulikana na wataalamu. Alipopelekwa London alipewa jina la Kilatini lenye neno wallacii. Mkono ulikuwa wa Ali. Jina likawa la Wallace.

Atatokea msemaji aseme kwamba Ali alilipwa, na mlipwa hadai. Ni kweli kwamba alilipwa, tena vizuri. Walipoachana mwaka 1862 Wallace alimpa fedha, bunduki mbili na vyombo. Wala hakumficha, kwani alimtaja kwa mapenzi katika vitabu vyake. Lakini ujira hulipia jasho, haulipii ushuhuda. Wallace alifahamu jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1852 aliwalaumu wakusanyaji waliotoa wanyama Amazon bila ya kusema wametoka ukingo upi wa mto, maana mnyama asiye na mahali pake ni nusu ya habari. Kama mahali ni sehemu ya ukweli, basi aliyepaona mahali hapo ni sehemu ya ukweli vilevile. Sheria inayodai jina la mto haina sababu ya kukataa jina la mtu. Mwaka 1907 mtaalamu Mmarekani, Thomas Barbour, alikutana kisiwani Ternate na mzee aliyejitambulisha kwa jina la Ali Wallace. Elimu haikulitia jina la mtumishi katika ndege wake, na mtumishi akalitia jina la bwana katika jina lake.

Yuko mdai wa tatu asiyeweza kusema. Mwaka 1855, huko Sarawak, Wallace alimpiga risasi orangutangu jike, kisha akamwokota mtoto wake. Alimlea kama mwana, akamlisha maji ya wali kwa kukosa maziwa. Mtoto alikufa baada ya miezi mitatu hivi, na ngozi na mifupa yake ikahifadhiwa. Miaka miwili baadaye, katika visiwa vya Aru, akiwa ameshika ndege wa peponi mkononi, Wallace alikiri kwamba viumbe hawa hawakuumbwa wote kwa ajili ya binadamu, na kwamba ustaarabu ukifika huko utawaangamiza. Bunduki haikumfanya asiione haki hiyo, na kuiona hakukumfanya aiweke bunduki chini.

Kwa hiyo sifa ya ukweli si mali ya mtu mmoja, wala haigawanywi sawasawa kwa wote. Aliyefahamu ana fungu lake, na hakuna mwingine awezaye kulidai. Katika Ternate ni Wallace aliyefikiri, si Ali. Aliyeona na kuleta ana fungu lake pia. Aliyekufa ili ajulikane anastahili walau asiuawe bure. Mwanafunzi wa leo anaweza kulipa sehemu ya deni hili kwa kazi ndogo: aandike pamoja na tarehe na mahali jina la aliyemwongoza njia, la aliyemtafsiria, na la aliyemletea kitu mkononi. Wallace alifariki mwaka 1913 akiwa na heshima nyingi, na heshima yake haitapungua hata punje moja Ali akitajwa kando yake.