DENI LETU KWA PANYA

Hakuna amliliaye panya aliyenaswa mtegoni ghalani. Amekula mahindi ya watoto wetu, naye amelipa. Lakini yuko panya mwingine asiyekuja kwetu kuiba. Sisi wanadamu ndio tuliomleta duniani kwa makusudi yetu wenyewe. Je, huyu naye hatudai neno?

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Uskoti, walitangaza habari za panya wadogo waliotiwa jeni ya kigeni ili mitokondria zao zionekane. Mitokondria ni vijisehemu vidogo mno vilivyomo ndani ya seli za mwili, vitupatiavyo nguvu kutokana na chakula tulacho. Mitokondria ikichakaa, seli huiyeyusha katika vifuko vyenye asidi, mithili ya mama mwangalifu afagiaye nyumba yake. Katika panya hao mitokondria huvaa rangi mbili: nyekundu, na kijani ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini. Iingiapo katika asidi, kijani huzimika na nyekundu hubaki. Basi atazamaye kwa hadubini akiona vitone vyekundu vitupu, ajua kwamba hapo pamefagiliwa. Lakini ili atazame, hana budi panya afe.

Faida yake ni nini? Uko ugonjwa wa Parkinson, utetemeshao mikono na kukaza viungo. Jeni iitwayo PINK1 ikiharibika, mtu aweza kuugua angali kijana. Majaribio ya seli zilizokuzwa katika vyombo yalionyesha kwamba PINK1 huamrisha ufagiaji ule, na wengi wakadhani kwamba ndivyo ilivyo mwilini daima. Mwaka 2018 walitazamwa panya wa rangi mbili wasio na PINK1. Kumbe, ufagiaji wa kila siku ulikuwa ukiendelea karibu kama kawaida, hata katika seli za ubongo ziharibiwazo na ugonjwa huo!

Labda msomaji atasema: basi panya hao walikufa bure. Hasha! Waliulizwa swali la maana, wakajibu kweli, na jibu likatangazwa ingawa halikuwa lile lililotazamiwa. Afaye bure ni yule aliyeulizwa swali la kipuuzi, au ambaye jibu lake limefungiwa sandukuni kwa sababu halikumpendeza mwenye kuuliza. Maana jibu likifichwa, mwingine atauliza tena lile lile, na panya wengine watakufa kwa jambo lililokwisha kujulikana.

Tangu mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliwafundisha wataalamu mambo matatu: kutotumia mnyama ikiwa iko njia nyingine, kupunguza idadi yao, na kuwapunguzia maumivu. Twayakubali yote. Lakini twaona kwamba la nne haliachani nayo, nalo ni ukweli. Mnyama hakuombwa ridhaa, wala hawezi kuitoa. Mwenye nguvu akimtwalia asiye na nguvu uhai wake, angalau asiutapanye.

Wala tusiwatupie wataalamu peke yao mzigo huu. Sisi tunaotamani dawa kwa ajili ya wazee wetu tu wadeni pamoja nao. Na dawa ya deni ni kulipa.