Nasaha kwa Anayemfundisha Mtoto Kutoa

Mwalimu mwenzangu, nawe mzazi wa Somanga, Krismasi ikikaribia shule huanza kuzungumzia michango ya wahitaji. Ni jambo la heri. Nakuomba tu, kabla hujapitisha boksi darasani, ujiulize mtoto ataondoka pale na funzo gani.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kukosea. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tuliwaita wahitaji kwa majina mbele ya wenzao, tukawapanga mstari, tukawapiga picha. Binti mmoja wa darasa la tano alipokea viatu vyake, akavifunika kwa pindo la ushungi, akarudi mahali pake akitazama vidole vya miguu. Januari alikuja na kandambili zake zilezile. Waliotoa walijifunza kupigiwa makofi, naye akajifunza kwamba umaskini ni aibu. Viatu vilikuwa vizuri, lakini huruma haikuwepo.

Basi mpokeaji asitiriwe. Qurani inakataza sadaka inayofuatwa na masimbulizi, na Injili ya Mathayo inafundisha kutoa pasipo kujitangaza, kwa hiyo hakuna mzazi wa dini yoyote mtaani kwetu atakayekupinga. Zawadi ipelekwe nyumbani jioni, mtoto akifuatana na mtu mzima. Abishe hodi, aamkie, akae mkekani. Asizungushe macho kukagua nyumba. Akiletewa kipande cha muhogo, apokee ale, maana akikikataa ni kama amemwambia mwenyeji kwamba hana cha kumpa mtu.

Hilo la mwisho watu wa pwani tunalijua. Sikukuu ya Idi sahani ya pilau huvuka ua kwenda kwa jirani Mkristo, na Krismasi hurudi na chapati au paja la kuku. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Watoto wetu wengi ni Waislamu, na wapo watakaouliza kama Krismasi inawahusu. Wajibu kwa upole kwamba ibada ni ya wenyewe, bali haki ya jirani ni ya kila mtu. Zakatul-fitri wanaijua tayari: hutolewa kabla ya sala ya Idi ili siku hiyo asiyenacho naye ale. Mtoto anayelielewa hilo hahitaji maelezo marefu kuhusu jirani anayetaka kula Desemba.

Mtoto atoe kilicho chake. Shilingi mia tano aliyopewa na mama asubuhi ya mchango ni ya mama, yeye ametumwa tu. Lakini miezi ya kuelekea Krismasi ni msimu wa korosho. Mtoto aliyeokota korosho chini ya mikorosho ya bibi yake, akapata chochote, kisha akatenga bei ya madaftari mawili, huyo ametoa, na ameona jinsi inavyouma kidogo. Asiye na kitu akamchotee maji mzee au amfagilie uwanja. Msimweke mtoto maskini pembeni siku ya kutoa, kana kwamba yeye kazi yake ni kupokea.

Zawadi nayo iwe ya kudumu, maana pipi huisha siku ileile. Ada ya shule za umma imefutwa, ila sare, madaftari na viatu bado ni juu ya mzazi, na Januari haiko mbali. Shati kuukuu lifuliwe, lishonwe vifungo, lipigwe pasi. Nguo ambayo ungeona haya kumvisha mwanao, usimpe mwana wa mwenzio.

Mtoto akiuliza kwa nini wahitaji hawajitafutii, mkumbushe Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua, maji yakaikata barabara hapa Somanga, na magari ya kwenda na kutoka Dar es Salaam yakakwama. Ndani ya magari hayo walikuwemo watu wenye kazi zao na pesa mfukoni, na bado hawakuwa na pa kwenda. Mwulize angekuwa yeye ndani ya gari lililokwama, angependa mtu amsogelee kwa sauti gani. Usimjibie. Mwache afikiri hata kama kengele italia.

Shule hufungwa kabla ya Krismasi, kwa hiyo mazungumzo haya yaanze Novemba. Na orodha ya watakaopewa, mwalimu mwenzangu, ibaki mfukoni mwako. Nakusihi isibandikwe ukutani.