Kilemba cha Duka ni Haki ya Nani?

Mtu akitaka chumba cha biashara katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, au kandokando ya Marikiti, hata kiwe ni chumba cha hatua nne kwa tatu, mara nyingi jambo la kwanza aulizwalo si atauza nini wala ataweza kodi gani kwa mwezi. Huulizwa ana nini mkononi cha kufungulia mlango. Fedha hizo wengine huziita kilemba, wengine gudwili. Hutolewa kabla ya kodi ya kwanza, na aghalabu bila ya risiti. Je, ni halali? Na kama ni halali, ni haki ya nani: mwenye nyumba, au mpangaji anayetoka?

Wako wasemao kuwa hapana la kuuliza, kwani watu wawili wamepatana kwa ridhaa zao. Wako na wengine wasemao kuwa yote ni haramu. Sisi twaona wote wawili wamefanya haraka. Kabla ya kuihukumu bei, yatupasa tukijue kwanza kile kinachouzwa.

Neno lenyewe latufunza. Kilemba tulichokijua kwa wazee wetu ni kile alichopewa fundi baada ya kumfunza mwanafunzi kazi mpaka akahitimu. Kilikuwa ni shukrani ya kazi iliyokwisha kufanywa na kuonekana. Kilemba cha duka hutolewa kabla ya lolote kufanywa. Basi chalipia nini?

Tukitazama tutaona kuwa duka lina mafungu matatu. La kwanza ni kuta, sakafu na mlango; hizo ni mali ya mwenye nyumba bila ya shaka. La pili ni mahali: wingi wa watu wapitao na ukaribu wa soko. Hili limefanywa na mji mzima kwa miaka mingi, na mwenye nyumba huipata faida yake katika kodi. La tatu ni jina: wateja waliozoea kuja kwa kuwa muuzaji ni mwaminifu na hapunguzi kipimo. Hilo ni jasho la mpangaji. Dhuluma nyingi katika jambo hili hutokana na mtu kuuza fungu la mwenziwe.

Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Jeddah mwezi wa Februari 1988, waliitazama mas-ala hii, ambayo kwa Kiarabu huitwa badal al-khuluw. Walikubali kuwa mwenye nyumba aweza kutwaa fungu la fedha mbele, zaidi ya kodi ya kila mwezi, kwa sharti fedha hizo zihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi ya muda uliopatanwa. Sharti hili ndilo lenye uzito. Tufanye mtu ametoa shilingi 300,000 kwa mapatano ya miaka 5; hizo ni shilingi 60,000 za kila mwaka. Mwenye nyumba akiyavunja mapatano na kumtoa baada ya miaka 2, shilingi 180,000 zilizobaki si zake. Asemaye kuwa kilemba hakirudi amekula kodi ya miaka asiyoitoa.

Ama mpangaji, walisema kuwa muda wake ukiwa bado upo, aweza kulipwa kwa kuuachilia uliobaki, amwachie mwenye nyumba au mpangaji mwingine, kwa kuyachunga masharti ya mkataba. Lakini muda ukisha, hana tena cha kuuza. Mwenye mali ndiye mwenye haki zaidi. Atasema, “Ni mimi niliyelifanya duka hili lijulikane.” Ni kweli. Basi rafu zako na bidhaa zako ziuze, na jina lako ondoka nalo. Mlango si wako.

Wala mwenye nyumba asifurahi upesi. Yuko amwachaye mpangaji ahangaike miaka mitatu kulijenga duka la leso, na aonapo wateja wamejaa, humwongeza kodi maradufu ili atoke, kisha akamtia mwanawe afanye biashara ile ile. Kuta ni zake, lakini alichokitamani si kuta. Sheria ya Kenya ya mwaka 1965 juu ya wapangaji wa maduka iliweka kinga hapa. Kwa mapatano yasiyoandikwa, na yale yaliyoandikwa ya muda usiozidi miaka 5, mwenye nyumba atakaye kuongeza kodi au kumtoa mpangaji yampasa atoe ilani ya maandishi ya si chini ya miezi 2, na mpangaji asiyeridhika aweza kulipeleka shauri mbele ya baraza la hukumu. Lakini sheria ni ua tu. Mtu aweza kukaa ndani ya ua na bado akamdhulumu jirani yake.

Ama hoja ya ridhaa, Surat An-Nisaa, aya ya 29, imekataza kuliana mali kwa batili, ikaruhusu biashara ya kuridhiana. Sasa tujiulize: mtu ambaye bidhaa zake zimelala ghalani na watoto wake wangoja karo, je, ana nafasi ya kusema la?

Dhuluma kubwa zaidi ni ya duka la wakfu. Mtu amelirithi kwa babake pamoja na kodi ya zamani, ndogo mno, naye akampangisha mwingine kwa kodi ya leo, na kilemba juu yake. Tofauti ya kodi hizo mbili ni haki ya msikiti na mayatima. Na mtu huyu huyu, akidaiwa kilemba mtaa wa pili, hupiga kelele kuwa amedhulumiwa! Surat Al-Mutaffifin yawaonya watu wa vipimo viwili, na kipimo si cha nafaka peke yake.

Basi ndugu zangu, andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani ni ya kuandika deni. Andikeni muda, kodi, kilemba ni kodi ya miaka mingapi, ilani ni ya miezi mingapi, na kama mpangaji ana ruhusa ya kumpangisha mwingine. Toeni risiti. Mwenye nyumba aonaye kodi yake ni ndogo, na aitaje waziwazi kodi aitakayo, mtu aikubali au aikatae. Na aonaye haya kuyaandika anayoyatwaa, na ajiulize haya hiyo yatoka wapi.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika haki.