Ua la Dirishani na Mti wa Kilwa

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alivutiwa na kimmea chenye majani ya manyoya na maua ya urujuani, akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa Hannover akakiita Saintpaulia. Kueneza kwake ni rahisi ajabu: chomeka jani moja kwenye udongo wenye unyevu, mche unatoka. Leo kimejaa madirishani Ulaya na Marekani. Wajerumani hadi sasa hukiita kwa jina la Usambara, ingawa sidhani kama wengi wao wanajua kuwa hiyo ni milima, na ina wenyewe.

Huko kwao Usambara ua hilo huishi kwenye mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Anayeangusha mti hutaka mbao, au shamba; hana ugomvi na ua. Lakini jua likishafika jiweni, ua halina pa kukimbilia.

Karomia gigas haina dirisha lolote. Ni mti mrefu, jamaa wa rehani na kivumbasi (nani angedhani?), uliojulikana kwanza pwani ya Kenya, na mti ule wa Kenya ukakatwa. Mwaka 1993 ulionekana wilayani Kilwa. Kisha kimya, mpaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoipata miti michache ya kuhesabika. Kuvu hushambulia matunda yake, na katika maelfu yaliyokusanywa mbegu chache mno ziliota. Baadhi ya miche inalelewa katika bustani ya mimea ya Missouri, Marekani.

Ukiniuliza mmea upi unanitia hofu zaidi, nitasema ule wa dirishani. Wa Kilwa haumdanganyi mtu: ukifa, umekufa, na wachache wanaoujua hawalali. Lakini ukilia kuhusu ua la Usambara utajibiwa, si lipo dukani? Kumbe la dukani limezoea kumwagiliwa kwa kikombe, limechaguliwa kwa rangi na ukubwa. Ndugu zake wa porini, wengine wasio na makao ila bonde moja au mlima mmoja, hawamo kwenye chungu kile. Tumependa ua, hatukupenda kivuli chake.

Ukipanda Amani, huko milimani Usambara, siku moja, muombe mwenyeji akuonyeshe linapoota. Inama, litazame, uliache palepale jiweni.