Nani Mwenye Haki ya Kusema Basi?

Katika kila ajali kubwa ya mgodi hufika saa ambayo kazi hubadilika jina. Watu waliokuwa wakiokoa sasa wanatafuta maiti. Huko Pike River, New Zealand, saa hiyo ilifika mchana wa tarehe 24 Novemba 2010. Siku tano kabla yake gesi ya methani ililipuka katika mgodi wa makaa ya mawe uliochimbwa ndani ya milima ya Paparoa, na mlipuko ukawakuta wanaume 31 chini. Wawili walitoka kwa miguu yao wenyewe. Ishirini na tisa hawakutoka, na mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 17. Kwa siku tano familia zilielezwa kwamba waokoaji wako tayari, kinachosubiriwa ni hali ya hewa ya mgodini. Kisha mgodi ukalipuka mara ya pili, zikaambiwa hakuna tena wa kuokolewa.

Likabaki swali ambalo watu wa Pike River wameishi nalo zaidi ya miaka kumi: tuwatoe, au tuwaache walipo?

Hoja ya kuwaacha ina nguvu, na sitaki kuipunja. Tarehe 6 Agosti 2007 mgodi wa Crandall Canyon katika jimbo la Utah, Marekani, uliporomoka na kuwafunika wachimbaji sita. Siku kumi baadaye, wenzao wakiwa wanasonga mbele ndani ya handaki kuwafuata, mwamba ulipasuka tena ukaua waokoaji watatu. Kazi ikasimama, mgodi ukafungwa, na wale sita wamo humo hadi leo. Aliyetoa amri ya kusimama alifanya haki. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha, na cheche haijui kama aliyeingia anafuata makaa au anafuata mwili wa ndugu yake. Maiti hakombolewi kwa uhai wa mtu. Hilo nalishika mpaka mwisho wa insha hii, na lolote nitakalosema lisichukuliwe kuwa nimeliacha.

Lakini mtu akishakubali hivyo, bado hajajua mwili ule ni kitu gani kwa waliobaki, wala wanadai nini wanapoudai.

Kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wao ni Mashafii, maiti ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Wakizitimiza wachache, jukumu limewaondoka wote. Wakiziacha wote, wote wamekosa. Aliyekufa kwa kuangukiwa na kifusi amehesabiwa katika Hadithi miongoni mwa mashahidi, ila si kama shahidi wa vitani anayezikwa na damu yake. Huyu inapasa aoshwe. Hapo ndipo mafakihi walipokutana na ugumu ambao mchimbaji yeyote angeuelewa. Imam Nawawi, fakihi wa Kishafii, katika kitabu chake Minhaj, aliamua kwamba mtu aliyefia chini ya kifusi, isiwezekane kumtoa na kumwosha, hasaliwi, kwa kuwa kuosha ni sharti la sala. Wapo wanazuoni wa baadaye wa madhehebu hayohayo walioiona kauli hiyo kuwa nzito mno. Wakasema asaliwe, kwani shabaha ya sala ile ni kumwombea, na kumwombea kunawezekana popote alipo.

Ubishi huo ninauheshimu sana, maana pande zote mbili zimemchukulia marehemu kwa uzito. Wa kwanza wanakataa tujifanye tumetimiza wajibu ambao hatukuutimiza. Kama hatukumfikia, basi hatukumfikia, na sala isitufichie pengo hilo. Wa pili wanakataa mwamba uwe na kauli ya mwisho juu ya mtu. Mwenye msiba huhitaji maneno yote mawili, na mara nyingi huyahitaji katika usiku mmoja.

Wajaluo wana jibu la namna nyingine. Mtu akipotea na mwili wake usipatikane, kama vile aliyezama ziwani, huzikwa tunda la yago badala yake. Yago ni mti ambao kwa Kiswahili tunauita mwegea. Tunda lake ni refu, la kijivu, gumu, linaning'inia kwa kikonyo kirefu, na ukilipokea mikononi unashtuka kwa uzito wake, maana linaweza kufikia kilo kadhaa. Kaburi linachimbwa kwa kipimo, tunda linalazwa, udongo unarudishwa, watu wanakaa matanga. Kuanzia hapo mke anajua kwamba ni mjane. Asiyeliona jambo hili kwa karibu anaweza kudhani watu wanajidanganya, lakini hakuna pale anayeamini kwamba tunda ni mtu. Wanachokifanya ni kuumaliza msiba ambao bila kaburi ungebaki wazi, mama akiendelea kusikiliza mlango.

Kwa nini basi familia za mgodini zisiridhike na yago lao, la namna yoyote ile? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu ninaloliona ni kwamba ziwa halina mwenyewe. Ziwa halikuajiri mtu, halikumpangia zamu, halikupuuza kipimo cha gesi. Mgodi una mwenye leseni. Tunda laweza kushika nafasi ya mwili kaburini, lakini haliwezi kutoa ushahidi, na aliyefia kazini anadaiwa maziko na anadaiwa maelezo pia.

Pike River inaonyesha deni hilo la pili vizuri kuliko ajali nyingine ninayoijua. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2012, ikaeleza jinsi kampuni ilivyopewa dalili za hatari ya gesi na kuendelea kuchimba. Mwaka 2013 kampuni, ambayo tayari ilikuwa imefilisika, ilipatikana na hatia. Mashtaka dhidi ya mkurugenzi wake mkuu yalifutwa baada ya familia kuahidiwa malipo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mapatano yale hayakuwa halali. Mwaka 2014 kampuni ya serikali iliyokuwa imeununua mgodi ilisema kuingia tena ni hatari kupita kiasi. Mwaka 2016 ikaanza maandalizi ya kuziba mlango kwa zege. Ndipo wafiwa wakaenda kuifunga barabara ya mgodini, wakasema mlango hauzibwi.

Serikali ilipobadilika ikaundwa taasisi maalumu ya kazi moja tu: kuingia tena mgodini. Watu wake wakasukuma gesi ya naitrojeni ndani ili kuua uwezekano wa mlipuko, wakapima, wakajenga, wakasubiri, na tarehe 21 Mei 2019 wakapita mlangoni. Mapema mwaka 2021 walikuwa wamesonga zaidi ya kilomita mbili hadi kwenye kifusi kilichoziba njia, na hakuna aliyepoteza maisha. Baadaye mwaka huohuo polisi walishusha kamera kupitia matundu yaliyotobolewa toka juu ya mlima, wakaona mabaki ya wachimbaji ng'ambo ya kifusi kile, mahali ambapo hakuna aliyefika.

Tazama basi neno "haiwezekani" la mwaka 2014. Mlima ni uleule na methani ni ileile. Yalipatikana muda, fedha na utaalamu, na vyote hivyo vilipatikana kwa sababu uamuzi ulitoka mikononi mwa waliokuwa na hesabu za kulinda. Hatari ya mgodi haisimami mahali pamoja. Hupungua unapolipa ili ipungue, na asiyetaka kulipa huiacha ilivyo, kisha akaitaja hatari hiyohiyo kuwa sababu ya kutoingia.

Kuna jambo linalonipinga na ni haki nilitaje. Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, uliporomoka ukawafunika watu 435, wengi wao vibarua kutoka Lesotho na Msumbiji. Hawakutolewa. Hata hivyo wahandisi walijua sababu: nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari zilikuwa nyembamba mno, na kutokana na msiba huo ilipatikana kanuni ya kukokotoa unene wa nguzo ambayo imelinda wachimbaji wengi tangu hapo. Kwa hiyo ukweli unaweza kupatikana bila mwili hata mmoja. Sawa. Lakini ukweli ule uliwafaa wahandisi na wachimbaji wa kesho. Nyumba za Lesotho hazikuletewa kitu cha kuzika wala mtu wa kumuuliza.

Na kwetu? Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita, Shinyanga na Simiyu, swali hili halipelekwi ofisini. Januari 2024 duara liliporomoka Ng'alita, wilayani Bariadi, baada ya mvua nyingi, likaua watu 22. Katika ajali za namna hiyo wa kwanza kushuka ni wenzao waliokuwa shimo la jirani, kwa chepe, ndoo na kamba, matimba ya kushikilia kuta yakiwa yamekwisha kuvunjika. Hakuna anayewaamuru na pengine hakuna ambaye angeweza kuwazuia. Wanakubaliana bila kuandikiana: wewe ungenifuata, nami nakufuata. Ningekuwa na mamlaka ningewasihi wasubiri wapimaji, lakini siwezi kusema hawajui wanachokifanya. Oktoba 2015, Nyangarata, Kahama, wachimbaji walifunikwa na kifusi, na baada ya siku 41 watano wakatolewa wakiwa hai, wamekula mizizi na wadudu na kunywa maji yaliyovuja mwambani. Mwenzao mmoja alifia humo. Aliyekwisha kusikia habari ya Nyangarata hataambiwa kwa urahisi kwamba walioko chini ni maiti.

Neno basi, kwa hiyo, lazima lisemwe na mtu, na ninachokishikilia ni kwamba asilitamke yule ambaye ukimya wa mgodi unamfaa. Mwenye leseni atoe ramani, vipimo na fedha, kisha akae pembeni. Wa kwanza kusikilizwa ni atakayeshuka; akisema hashuki, hakuna machozi yanayoweza kumlazimisha. Baada yake ni wafiwa, wakiwa wamepewa kila kinachojulikana. Najua hawatasema kwa sauti moja. Pike River wapo waliotaka wanaume wao waachwe mlimani walale, na walistahili kusikika sawasawa na waliofunga barabara. Serikali iliposimama kwenye kifusi mwaka 2021 na kukataa kugharamia zaidi, familia nyingi ziliumia. Mimi naiona amri ile kuwa tofauti kabisa na zege la 2016, kwa sababu safari hii wafiwa walikuwa wameona njia imefikia wapi na imekwamishwa na nini.

Sheria zetu zimekwisha kufungua mlango wa jambo hili bila kuupita. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 na ile ya Kenya ya mwaka 2016 zote zinamtaka mwekezaji mkubwa aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kuikarabati ardhi, ili akiondoka au akifilisika mashimo yasiachiwe wanakijiji. Dhamana ya namna hiyohiyo iwekwe kwa ajili ya watu: fedha za pampu, za naitrojeni, za kutoboa mwamba na za wataalamu wasiolipwa na kampuni, zikae mahali ambapo mwenye mgodi hawezi kuzigusa. Kwa wachimbaji wadogo, mfuko uwe wa mkoa, uchangiwe kutokana na mrabaha ambao dhahabu yao hulipiwa kila siku sokoni. Uwepo kabla ya mvua zijazo.