Mkanda Huu Tumpe Nani?

Tukianza kubishana kuhusu sinema za kutisha zilizotengenezwa upya, ubishi huwa mmoja tu: ipi inatisha zaidi, ya kwanza au ya pili? Kwangu mimi swali hilo halitufikishi mbali. Kuna lingine zito zaidi. Kitisho kinapohamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, nani anaishia kukibeba?

Chukua Ringu, sinema ya Kijapani ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Hideo Nakata, halafu The Ring, ambayo Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2002 chini ya Gore Verbinski. Kisa pengine unakijua, na kama hukijui, samahani, nakumalizia utamu. Kuna mkanda wa video. Ukishautazama, umebakiwa na siku saba. Msichana aliyetupwa kisimani anakufuata kupitia televisheni. Njia ya kupona ni moja: unarudufu ule mkanda, unampa mtu mwingine autazame. Mama mmoja, mwandishi wa habari, anaigundua siri hiyo wakati mtoto wake ameshautazama.

Sasa angalia mwisho. Kwenye ile ya Kijapani, mama anaingia kwenye gari na kuelekea kwa baba yake mzazi. Atakayepewa mkanda ni babu. Kwenye ile ya Kimarekani babu hayupo kabisa. Mtoto anauliza huyo tutakayemwonyesha itakuwaje, na mama ananyamaza. Kwa hiyo waliotengeneza upya hawakubadilisha waigizaji na lugha tu. Walimfuta anayelipa. Mjapani ametuonyesha uso wa mzee, Mmarekani ametuachia mtu yeyote asiye na sura, na sisi watazamaji tunatoka ukumbini bila deni.

Huku kwetu, sinema tumezoea kuzitengeneza upya kwa mdomo. Lufufu alijipatia jina kubwa nchini kwa kuweka sauti yake juu ya filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili, na mojawapo ni Karishika, ile ya Nigeria ya miaka ya 1990 kuhusu mwanamke aliyetumwa na Ibilisi kuja duniani kuvuna roho za watu. Ma-DJ wengine wamefuata njia hiyo hiyo, na kazi zao zimeonyeshwa kwenye vibanda umiza kila kona ya nchi, hapa Mwanza pia. Ukisikia mnyonya damu anatukana kwa lafudhi ya mtaani kwako, huyo siyo mgeni tena, ameshahamia.

Na hapo ndipo watazamaji wanaponivutia. Kwenye vibanda vya Igoma na Mabatini, zombi wa Kizungu akitokea watu wanacheka. Wanampigia kelele yule msichana asifungue mlango, wanamwita mjinga. Lakini ikija filamu ya mchawi wa kijijini, kicheko kinakatika mapema, na baadaye nje, watu wakiwa wanakula mihogo, utasikia mtu anasema kwa sauti ya chini: haya mambo yapo. Sioni kama huo ni ujinga. Mtazamaji wa Seattle amelipa aogope kitu ambacho kesho asubuhi atakikana. Wa hapa amelipa aone kwa macho kile alichosimuliwa tangu utotoni. Kwake kamera imefanya kazi ya mganga: imepiga ramli, imemtaja mhusika.

Serikali yetu ina jina la ramli ya namna hiyo: ramli chonganishi. Na kanda hii ya ziwa inajua gharama yake. Kati ya mwaka 1970 na 1984, Tanzania Bara ilihesabu watu 3,693 waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Wengi wa waathirika wa mauaji ya aina hii wamekuwa vikongwe, na ushahidi uliotumika mara kwa mara ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyotikisa nchi hadi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi.

Utaniambia: hesabu yako inakupinga mwenyewe. Mwaka 1984 vibanda vya video vilikuwa bado havijaenea vijijini, na televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara miaka ya 1990. Wale mabibi hawakuuawa na sinema. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Filamu haikuuzaa uchawi. Inachofanya ni kuupa picha, na picha ina nguvu ambayo maneno hayana: bibi wa jirani unaweza kumtilia shaka, lakini bibi wa kwenye filamu umemwona akipaa na ungo. Nchini Nigeria watetezi wa haki za watoto waliilaumu End of the Wicked, filamu ya mwaka 1999 ya mhubiri Helen Ukpabio, kwamba ilichochea watoto kutuhumiwa uchawi. Yeye amelikana hilo. Hata tusipoamua nani mkweli, swali lenyewe halikwepeki: ukionyesha uovu wenye sura ya mtu dhaifu, unajua kabisa ni nani mtaani mwenye sura hiyo.

Je, tupige marufuku? Hapana jamani. Hofu ina kazi yake. Bibi zetu walitutisha kwa mazimwi, na tulipokuwa tunajibanza kwao ndipo tulipojifunza mengi. Mussa Banzi alitupa Shumileta, jini ambaye hana mlango wake mtaani wa kwenda kugongwa usiku. Na White Shadow ya mwaka 2013, iliyopigwa hapa Tanzania na kupata tuzo Venice, inatisha kuliko mzimu wowote, kwa sababu wanaomwinda yule kijana mwenye ualbino ni watu wa kawaida wenye panga na bei mkononi. Hofu ni ile ile, ila kidole kimeelekezwa kwa muuaji.

Kwa hiyo nikimpata kijana wa Mwanza anayetaka kuitengeneza upya Ringu, sitamwambia aache. Mkanda atautupa, ataweka video ya WhatsApp yenye onyo la kuisambaza kwa watu kumi. Kisima kipo, na ziwa lipo. Ningemwomba kitu kimoja tu, asimfute babu kama walivyofanya Wamarekani. Amwonyeshe bibi akipokea simu kutoka kwa mjukuu, akiwa amevaa miwani, akihangaika kufungua video ile huku akifurahi kwamba leo amekumbukwa. Tukae na picha hiyo mpaka mwisho.

Na sisi watazamaji tunao wajibu mdogo unaofanana na huo. Taa zikiwashwa na mtu wa benchi la nyuma akasema yule mchawi kafanana na bibi fulani wa pale juu, kibanda kizima kitacheka au kitanyamaza. Mama wa Kimarekani naye alinyamaza. Mmoja wetu ageuke amjibu, kwa sauti ya kusikika, kwamba bibi yule ana macho mekundu kwa sababu anapikia kuni.